Hii "get" ya Kiingereza ina maana ngapi? Naomba mnisaidie wakuu

mtafuta_njia:

Wakuu habari za saa hizi. Naleta jambo linalonisumbua muda sasa na naamini humu ndani kuna watu wameshapita njia hii. Shuleni nilifundishwa get ni kupata, basi, imeisha. I get a book, ninapata kitabu. Nikaishi na hiyo maana miaka yote mpaka nilipoanza kazi ya mtandaoni na watu ambao Kiingereza ndo lugha yao ya kila siku, hapo ndo nikaona nina pengo kubwa, maana hawa watu hawamalizi sentensi mbili bila get na mara nyingi hata haimaanishi kupata.

Angalieni huu ujumbe wa msimamizi wangu, naunakili kama ulivyo: "Did you get through to the client? If you didn't get the file, get back to me before it gets late, we've got to get this done today."

Nimehesabu, zimo sita. Nilivyousoma mara ya kwanza nikawa naweka kupata kila sehemu, ulipata kupitia kwa mteja, kama hukupata faili, pata nyuma kwangu, ikawa vurugu tupu, nikaambulia ile ya faili peke yake. Hiyo get back to me nikadhani ananiambia nirudi kwenye ile kazi niliyokuwa nafanya mwanzo, nikarudi kweli nikaendelea nayo, kumbe mwenzangu yuko pale anasubiri nimjibu. Alisubiri masaa matatu.

La pili ndo liliniuma zaidi. Kuna mtu tunafanya naye kazi, tumezoeana, nikamwandikia kwamba ule mtihani niliokuwa nausomea usiku na mchana nimefaulu. Akajibu "Get out of here!" Mi nikaona nafukuzwa. Siku mbili sikumsemesha mpaka yeye mwenyewe akaniuliza mbona kimya, amenikosea nini. Kumbe alikuwa anafurahi pamoja na mimi, ni kama kusema "acha wee, kweli?"

Sasa swali langu, hili neno lina shina moja ambalo nikilishika maana nyingine zote zinafunguka, au ndo nikariri moja moja mpaka nizeeke? Na nyie mliofika mbali mlifanyaje?

---

chaki_nyeupe:

Pole sana mkuu, hasa kwa hilo la rafiki yako, nafurahi alikuuliza. Nafundisha Kiingereza miaka mingi na hili swali naletewa kila mwaka, kwa hiyo ntajibu kwa urefu kidogo, nivumilie.

Acha kuuliza "get maana yake nini". Uliza "get imefuatwa na nini". Neno lenyewe ni kama gari tupu, mzigo uko kwa kile kinachokuja nyuma yake.

Ikifuatwa na kitu, hapo ndo kupata ya shuleni inafanya kazi, pamoja na jamaa zake kuleta, kuchukua, kununua, kupokea. Get me a chair ni niletee kiti. Mtu akibisha hodi halafu mwenzako akasema I'll get it, anasema yeye ndo ataenda kufungua. Simu ikiita akasema hivyo hivyo, atapokea yeye. Hata ugonjwa, get a cold ni kushikwa na mafua, si kwamba umeenda kuyatafuta.

Ikifuatwa na sifa, yaani neno la kueleza hali, hapo kupata sahau kabisa. Hapo ni kubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Get tired, kuchoka. Get angry, kukasirika. Get wet, kulowa. Get old, kuzeeka. Get fat, kunenepa. Hebu tazama hivyo vitenzi vyetu kwa makini, hakuna hata kimoja kinachohitaji neno la kusaidia, badiliko limo humo humo ndani. Mwingereza hana kitenzi kimoja cha kuchoka anachokitumia kila siku, ana sifa tu, tired, kwa hiyo lazima atafute kitu cha kuisukuma hiyo sifa itembee, na msukumaji wake ni get. Ndo maana I am tired ni nimechoka, lakini I'm getting tired ni naanza kuchoka.

Ikifuatwa na mahali ni kufika. Get home, get there, get to the office. Hii haina shida sana.

Sasa njoo kwenye ile ninayoipenda kuliko zote. Kiswahili kinaweka mambo kwenye mkia wa kitenzi. Una iba, unaongeza mkia inakuwa ibiwa. Una tengeneza, unaongeza mkia inakuwa tengenezesha. Shona, shonesha. Kiingereza hakina mikia hii, kwa hiyo kazi ya mkia wetu anapewa get. He got robbed, aliibiwa. She got fired, alifukuzwa kazi. I got my phone fixed, nimetengenezesha simu, yaani aliyetengeneza ni fundi ila mimi ndo niliyehakikisha inatengenezwa. I got him to talk, nilimfanya aongee, na hapo ndani yake kuna harufu ya juhudi, kwamba haikuwa rahisi, ilibidi umbembeleze au umbane.

Kwa hiyo ukikutana na get usiende kwenye kupata moja kwa moja, jiulize je hapa Kiswahili kingeweka mkia gani? Ni -wa? Ni -sha? Au ni kitenzi cha kubadilika kama kulowa? Nilivyoanza kufundisha kwa njia hii wanafunzi wangu waliacha kubeba madaftari ya maana arobaini.

Rudi sasa kwenye ujumbe wa msimamizi wako, mi ningeuweka hivi: "Uliweza kumpata mteja kwenye simu? Kama faili halijakufikia, nijibu kabla muda haujaenda sana, lazima tuimalize hii kazi leo." Angalia kupata imebaki wapi. Imebaki kwa mteja, sehemu ambayo hukuitegemea, na kwenye faili ambako uliitegemea imeondoka.

---

kamusi_mkononi:

Chaki umeeleza vizuri sana, hiyo ya mikia sijawahi kuisikia ikisemwa hivyo. Ila naomba nitofautiane na wewe sehemu moja kwa heshima. Hiyo kanuni yako inafika mahali inagoma, na inagomea pale pale ambapo mtafuta_njia kaumia. Get back, get through, get over, get by, get along, get at, get away with, hizi hujui maana yake hata ukizitazama siku nzima. By inamaanisha karibu na, haya niambie get by inakuwaje kuishi kwa kujikimu? Hapo hakuna mkia wala nini, hapo ni kukariri, na tusimwambie mtu kwamba kuna njia ya mkato wakati haipo.

Na hata wenyewe wanalijua hili tangu zamani. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 aliandika kwenye dibaji kwamba kuna kundi la vitenzi vilivyomtesa kwa kuwa maana yake ni legevu mno, akavitaja kwa majina, na get yumo, pamoja na put, set, go, run, make, take na wenzao. Humo humo akasema hii tabia ya kuunganisha kitenzi na kipande kidogo nyuma yake ndo inayowapa wageni shida kubwa kuliko mambo mengi. Kwa hiyo mtafuta_njia kitu kinachokuchosha leo kiliandikwa zaidi ya miaka 260 iliyopita.

Tena get hata sio mfalme wao. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford ya mwaka 1989 neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote lilikuwa set, halafu wahariri walipokuja kulipitia upya run wakafikisha maana 645, na hizo ni za kitenzi tu.

Kuhusu shina, ndiyo lipo, na mi naona linasaidia. Neno lenyewe sio la Waingereza wa kale, lililetwa na watu wa kaskazini, wale Waviking waliovuka bahari wakaja kuishi Uingereza, kwao lilikuwa geta, kupata, kufikia, kushika. Hao hao ndo walioleta take, na they, na egg, na sky. Kiingereza cha kale chenyewe kilikuwa na ndugu wa hili neno lakini alikuwa anakaa ndani ya maneno ya kuungana tu, ndo huyo tunayemuona mpaka leo kwenye forget na beget. Forget ni kama kuachia kile ulichokuwa umekishika. Mi tangu nijue hivyo, nikiona get yoyote naanza na picha ya mkono unaofikia kitu. Get tired, umeifikia hali ya uchovu. Get home, umefikia nyumbani. Get it, umeifikia maana, umeelewa.

---

chaki_nyeupe:

Nakubaliana na wewe kwenye vipande vidogo, hilo sikulisema na nilipaswa kulisema. Ila hiyo ya kuelewa uliyoimalizia ina ndugu yake kabisa kwenye Kiswahili. Watu wakiongea kwenye simu ya upepo wanaulizana "unanipata?" Na mtu akikueleza jambo likakuingia unamwambia "nimekupata". Hapo I get you na nimekupata zimeenda sambamba bila mmoja kumuiga mwenzake, kwa sababu wote tunaona maana kama kitu kinachoshikika.

---

bahari_tulivu:

Mi nasoma tu hapa nanufaika. Niongeze kidogo, kuna mgeni nilikuwa namfundisha Kiswahili akanifikisha mahali nikakosa jibu. Aliniuliza kwa nini mnapiga kila kitu? Mnapiga simu, mnapiga pasi, mnapiga mswaki, mnapiga picha, mnapiga kura, mnapiga magoti, mnapiga miayo, hasira zote hizi za nini. Nikamwambia subiri nifikirie, mpaka leo nafikiria. Nilimuonea huruma kweli maana alikuwa ameandika kwenye daftari lake piga ni kuchapa, halafu anasoma habari kwamba wananchi wamepiga kura. Kwa hiyo kila lugha ina mtumwa wake mmoja anayebebeshwa mizigo yote, sisi piga, wao get.

Swali langu na mimi, kwenye barua ya kuomba kazi naweza kuandika I got your advertisement?

---

kamusi_mkononi:

Kwenye barua rasmi ipunguze. Sio kosa la sarufi, ila inasikika ya mtaani, ya maongezi. Andika I saw your advertisement, na kama ni barua umepokea andika received. Badala ya get better weka improve, badala ya get permission weka obtain permission. Walimu wengi wakisahihisha insha wanazungushia got duara jekundu, nami nilizungushiwa sana.

---

mtafsiri_wa_usiku:

Habari wapendwa. Mi kazi yangu ni kutafsiri maandishi ya chini ya filamu na mnachokiongelea hapa ndo kinaninyima usingizi, kwa hiyo mniruhusu niongeze upande ambao naona haujaguswa, upande wa sauti, namna mtu alivyolisema.

Chukua get over. Maana yake ya msingi ni kuvuka kitu, ugonjwa, huzuni, kuachwa. Mama amekaa kitandani kwa binti yake aliyeachwa, anamshika nywele, anasema taratibu "you'll get over it". Hapo mi naweka "yatapita mwanangu". Dakika ishirini mbele kaka mtu anampigia kelele yule yule binti "get over it!" Maneno karibu yale yale lakini nikiweka "yatapita" nimeharibu filamu, hapo ni "achana nayo basi, yameisha!" Na ndo maana naomba sana, mtu aliyefiwa au mwenye maumivu usimwambie get over it hata kama kwenye daftari lako umeandika ni kupona. Utamuumiza na hutajua kwa nini.

Get out of here ni hivyo hivyo. Ikisemwa kwa ukali ni toka, potea. Ikisemwa baada ya habari njema au ya kushangaza ni acha wee, usiniambie. Kwenye filamu nina uso wa mtu wa kunisaidia, nyie kwenye ujumbe hamna uso, kwa hiyo mtafuta_njia usijilaumu. Angalia kilichotangulia, kama umetoka kumpa mtu habari nzuri na hamna ugomvi, chukulia ni mshangao.

Nyingine iliyonigharimu ni get at. What are you getting at? Mwanzoni kabisa nilipoanza hii kazi niliiweka "unazipata wapi?" na ikatoka hivyo, watu wakaitazama hivyo. Maana yake ni "unataka kusema nini hasa?", yule bwana alikuwa anashuku mwenzake anamzunguka kwa maneno. Tukio zima lilipoteza maana kwa sababu ya hiyo moja, na mpaka leo nikikutana na kipande kidogo kimesimama baada ya get naenda kwenye kamusi hata kama nadhani nakijua.

Na masikio pia. Wanaposema haraka, got to inakuwa gotta, got you inakuwa gotcha. Gotcha inaweza kuwa "nimekuelewa" au "nimekukamata", inategemea nani anakimbizwa.

---

mtafuta_njia:

Jamani sijui niseme nini, nimesoma yote mara mbili. Hiyo ya mkia imenikaa, na picha ya mkono pia imenikaa, nazitumia zote. Jana usiku nilikaa nikapitia ujumbe wa wiki nzima nikawa naulizia kila get imefuatwa na nini, nyingi zimefunguka zenyewe. Zimebaki chache. Kuna hizi mbili naona zinafanana ila nahisi sio kitu kimoja, "I got to see her" na "I've got to see her". Na mwingine kaandika "I've gotten used to it", hii gotten ni sahihi kweli? Maana nilifundishwa get, got, got.

---

chaki_nyeupe:

Umeona vizuri, sio kitu kimoja. I got to see her, nilipata nafasi ya kumwona, imeshatokea na ulifurahi. I've got to see her, lazima nimwone, bado. Ukitaka kujua ipi ni ipi tazama have kabla yake. Have got to ni lazima. Have got peke yake bila to ni kuwa na kitu, I've got a pen, nina kalamu, wala hakuna kupata hapo, kalamu unayo tu. Tatizo ni kwamba kwenye maongezi ya haraka hiyo have inamezwa, unasikia I gotta see her, basi jua ni lazima.

Gotten ni sahihi kwa Wamarekani. Mwingereza wa leo anasema I've got used to it. Watu wengi wanadhani gotten ni uharibifu wa Marekani, kumbe ni umbo la zamani ambalo lilikuwa likitumika Uingereza kwenyewe, likavuka bahari likabaki huko wakati nyumbani linafifia. Masalia yake bado yako kwa Waingereza, wanasema forgotten, na mali ya wizi wanaiita ill-gotten. Na Wamarekani wameligeuza kuwa kitu cha maana sana, kwao I've got ni ninacho, I've gotten ni nimekipata au nimefikia hali hiyo. Mi naona ni tofauti nzuri. Wewe fuata ya watu unaofanya nao kazi, ila usichanganye kwenye barua moja.

Used to it ni kuzoea. Get used to it, zoea. Ni ile ile ya kubadilika, ulikuwa hujazoea, sasa umezoea.

---

kamusi_mkononi:

Na kuhusu kukariri vile vipande, nikupe ninachofanya mimi. Usiandike get by sawa na kujikimu. Andika sentensi nzima uliyoikuta, na nani alisema, na alikuwa anataka nini. Mi nina daftari ambalo kila get ina hadithi yake. Get away with nimeiandikia mtoto aliyevunja kikombe akakificha na hakuna aliyejua, he got away with it, alifanya kosa na halikumrudia. Get around to nimeiandikia barua iliyokaa mezani mwezi mzima, I finally got around to answering it, hatimaye nikapata wasaa wa kuijibu. Get along, majirani wawili wanaoelewana. Ukiandika neno na maana tu, baada ya wiki linapotea, ukiandika kikombe, kikombe kinabaki.

---

mtafuta_njia:

Asanteni sana, nimeanza na daftari leo hii. Ukurasa wa kwanza nimeandika get back to me, na masaa matatu aliyonisubiri.

Leo asubuhi msimamizi kauliza habari za ile kazi nikamjibu mwenyewe bila kutumia programu ya kutafsiri, naomba mnisahihishe: "I got through to the client and I got him to send the file. I have got it yesterday. I'll get back to you when I get it done."

---

chaki_nyeupe:

Zote ziko mahali pake isipokuwa moja. Ukishataja yesterday, have inaondoka. I got it yesterday. Ukitaka have ibaki, toa yesterday, sema I've got it, yaani ninalo hapa. Hiyo I got him to send ndo imenifurahisha kuliko zote, maana wiki iliyopita ungeandika I got him ukaishia kuonekana umemkamata.

---

mtafuta_njia:

Nimekupata mwalimu.